Uwazi wa Ukurasa wa Kwanza Hautoshi



Kila msimu wa uchaguzi tunapiga kelele moja: fungueni seva! Ni kelele ya haki, na mimi naipiga pamoja nanyi. Ila leo naomba niulize swali lisilo na mbwembwe za jukwaani. Siku wakifungua, tutasomaje? Orodha ya mistari maelfu kwa mamilioni haisomwi kwa hamasa. Inasomwa ukurasa kwa ukurasa, na namna kurasa hizo zinavyofunguliwa inaweza kutupa ukweli, au ikatupa aibu mbele ya nchi nzima.

Najua wengine mmeshaanza kusema, "Dada, hiyo si kazi ya vijana wa IT?" Hapana. Mimi nasoma sheria, na nawaambia hili ni jambo la ushahidi kabla halijawa jambo la kompyuta. Nivumilieni kidogo, nitaeleza kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza tuone ukubwa wa mzigo

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la mwaka 2020 lilikuwa na watu 29,754,699. Uboreshaji uliofuata ulianzia Kigoma Julai 2024, na Tume ilisema inatarajia kuandikisha wapiga kura wapya 5,586,433. Sasa chukua lile daftari la 2020 peke yake, lipange mtandaoni majina 50 kwa kila ukurasa. Utapata kurasa 595,094. Mtu akikuonyesha ukurasa wa kwanza na wa pili, ukaona vinafunguka vizuri, hajakuonyesha daftari. Amekuonyesha jalada.

Hapo ndipo ninapopaita uwazi wa ukurasa wa kwanza. Taarifa ipo, kiungo kipo, waandishi wa habari wamepiga picha. Lakini ukijaribu kufika katikati, mfumo unazunguka weee mpaka bando linaisha. Hakuna aliyekunyima kwa mdomo. Umenyimwa kwa uchovu. Na mtu wa Saadani au Makurunge, ambaye mtandao wake unakuja na kuondoka kama upepo wa kusi, ananyimwa mara mbili.

Kwa nini kurasa za mbele zinakufa

Ziko njia mbili kuu za kupindua kurasa za orodha kubwa.

Njia ya kwanza ndiyo wanayoanza nayo wengi wanaojifunza kutengeneza tovuti. Mfumo unaiambia hifadhidata: panga orodha yote, ruka mistari kadhaa, nipe 20 inayofuata. Hiyo idadi ya kuruka wanaiita ofseti. Ukiwa ukurasa wa kwanza inaruka sifuri, mambo ni mteremko. Ukiomba ukurasa wa 2,000, inatakiwa kuruka mistari 39,980. Na kuruka huku si kuruka kweli. Hifadhidata kama PostgreSQL au MySQL inaipitia mistari hiyo yote 39,980, inaihesabu, inaitupa, halafu ndiyo inakupa 20 yako. Ukiomba ukurasa wa 2,001 inaanza upya kutoka mstari wa kwanza. Ni sawa na muuza duka ambaye kila ukimuuliza deni lako anafungua daftari la madeni kuanzia jalada, anahesabu kurasa kwa kidole, wakati angeweza kukunja ncha ya ukurasa pale alipoishia.

Njia ya pili ndiyo hiyo ya kukunja ncha. Mfumo hauulizi "niruke mingapi?" Unauliza "uliishia wapi?" Kama mstari wa mwisho ulioona ni kituo fulani cha kata ya Zinga, ombi linakuwa: nipe 20 inayofuata baada ya kituo hicho. Hifadhidata ikiwa na faharasa iliyopangwa kwa mpangilio huo huo, inakwenda moja kwa moja pale, inasoma 20, basi. Ukurasa wa 2,000 unafunguka kwa wepesi karibu sawa na wa kwanza. Na mtandao ukikatika, ile alama ya ulipoishia ipo kwenye kiungo chako. Unarudi kesho, unaendelea.

Watu wa pwani hatupaswi kupata shida kulielewa hili. Tumekulia kwenye hitima. Juzuu 30 zinagawiwa, kila mtu anashika yake, anayesoma ya 29 hahangaiki kuhesabu kurasa kuanzia Al-Fatiha ili afike kwake. Juzuu ina mwanzo unaojulikana na mwisho unaojulikana. Mwisho wa kisomo hakuna iliyosomwa mara mbili kwa kupitiwa, wala iliyosahaulika. Wazee wetu waligawa kazi kwa alama zisizohama, na kompyuta inataka hivyo hivyo.

Jirani zetu wametuonyesha

Wakenya tunawatania sana, ila kwenye hili wametutangulia. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais. Moja ya mambo yaliyoiumiza tume yao, IEBC, ni kwamba Mahakama iliamuru wadai waruhusiwe kuangalia mifumo na seva, na amri hiyo haikutekelezwa ipasavyo. Mahakama ikachukulia kuwa madai ya wadai kuhusu mfumo yana msingi. Ndugu zangu wa sheria mnalijua hilo: ukikalia ushahidi ulio mikononi mwako, jaji ana ruhusa ya kukudhania vibaya.

Miaka mitano baadaye, uchaguzi wa Agosti 9, 2022, IEBC ikaweka fomu 34A kwenye tovuti iliyo wazi kwa kila mtu. Hizi ndizo fomu za matokeo ya urais za kila kituo, na vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Mwananchi alichagua kaunti, kisha jimbo, kisha wadi, mpaka akafika kituo chake na kuona picha ya karatasi yenyewe. Vyombo vya habari vikajumlisha vyenyewe. Vijana wakajumlisha sebuleni kwao. Kesi ilipokwenda Mahakama ya Juu, fomu za tovuti zikalinganishwa na za karatasi, na Mahakama haikuona tofauti ya maana. Matokeo yakabaki. Aliyeshindwa hakufurahi, lakini mjadala ulikuwa juu ya karatasi ambazo nchi nzima imeziona.

Angalieni namna walivyopanga. Hawakumwaga fomu 46,000 kwenye orodha moja ya ruka-ruka. Tufanye hesabu ya kitoto. Tuseme fomu ziwe 46,229, ziwekwe 20 kwa ukurasa, kwa njia ya ofseti. Hizo ni kurasa 2,312. Mtu mmoja akizipitia zote, hifadhidata italazimika kusoma mistari zaidi ya milioni 53 ili kumwonyesha fomu 46,229. Mtu mmoja huyo! Weka watu elfu tano usiku wa matokeo, halafu kesho yake utasikia "mfumo umezidiwa". Kwa njia ya alama ya ulipoishia, mistari inayosomwa ni kama idadi ile ile ya fomu. Mfumo kuzidiwa mara nyingi ni uamuzi wa mtu aliyeuchora, tusiuite bahati mbaya.

Kwa nini Mtanzania anahitaji hili kuliko Mkenya

Mkenya ana haki ya kupeleka matokeo ya urais mahakamani. Sisi hatuna. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais kwa mujibu wa ibara ile, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Someni wenyewe, msinichukulie maneno yangu.

Sasa kama mlango wa mahakama umefungwa, ukaguzi gani umebaki? Umebaki ule wa wananchi kuona karatasi kabla na baada ya tangazo. Kwa utaratibu wetu kura zinahesabiwa kituoni, fomu za 21A za urais, 21B za ubunge na 21C za udiwani zinajazwa, mawakala wanasaini na kupewa nakala, matokeo yanabandikwa. Pale kituoni uwazi upo, kama wakala wako ameruhusiwa kuwepo. Tatizo linaanza karatasi ikishaondoka. Mtu wa Mapinga aliyeona namba ukutani hana tovuti ya kwenda kuangalia kama namba hiyo hiyo ndiyo imeingia kwenye jumla ya jimbo. Anasikia jumla redioni.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu mwombaji. Uchaguzi ukiisha, siku 30 ni kama karne. Kwa hiyo madai yetu yasiishie kwenye "tupeni taarifa". Tudai zitolewe kwa namna inayopitika mwanzo hadi mwisho, na mtu mwenye simu ya kawaida na bando la siku.

Na tusiambiwe hilo haliwezekani Tanzania. Mahakama yetu yenyewe imeweka hukumu kwenye TanzLII, na kila mwanafunzi wa sheria anaishi humo. Unachagua mahakama, mwaka, mwezi, unafika. Kila hukumu ina namba yake isiyofanana na nyingine: mwaka, mahakama, namba. Ikiongezwa hukumu mpya leo, ile ya 2019 haihami mahali pake. Kama hukumu zinapangika hivyo, fomu za vituo zina ugumu gani?

Sasa tujisemeshe wenyewe

Hapa ndipo kwenye uchungu, na naomba viongozi wetu wa vijana wasome kwa utulivu.

Kila chama makini kinataka kuwa na mfumo wake wa kukusanya nakala za fomu kutoka kwa mawakala. Vizuri. Lakini mfumo wenye kurasa mbovu una hatari kubwa kuliko kutokuwa nao kabisa.

Fikirieni usiku wa matokeo. Fomu zinaingia, mpya zinakaa juu. Kijana wetu wa kujumlisha yuko ukurasa wa tatu. Wakati anasoma, fomu tano mpya zimeingia. Anabonyeza ukurasa wa nne. Kwa njia ya ofseti orodha yote imesukumwa chini kwa nafasi tano, kwa hiyo fomu tano za mwisho alizozisoma ukurasa wa tatu zinarudi tena juu ya ukurasa wa nne. Akiziandika, vituo vitano vimehesabiwa mara mbili. Na ikiwa fomu moja imeondolewa ili isahihishwe, orodha inapanda, na kituo kimoja anakiruka bila kujua. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyelala. Mfumo tu umehama chini ya miguu yake.

Sasa chukua jumla hiyo uipeleke mtandaoni. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamwadhibu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha na mengineyo yaliyotajwa humo. Kwa maandishi, aliyekosea kwa nia njema anapaswa kuwa salama, maana sheria inataka ujue kuwa ni uongo. Ila kumweleza mpelelezi tofauti ya nia na ofseti ukiwa umeshalala mahabusu ni shughuli nyingine. Oktoba 2015 vijana wa kituo cha Chadema cha kujumlisha matokeo walikamatwa na kufikishwa mahakamani chini ya sheria hiyo hiyo, wiki chache tu baada ya kuanza kutumika. Tusiwape sababu ya bure. Jumla yetu ikiwa na kituo kimoja kilichorudiwa, hicho kimoja ndicho kitakachosomwa kwenye taarifa ya habari, na vile elfu vilivyo sahihi vitasahaulika.

Kwa hiyo mfumo wowote tunaoujenga, uliwe kiapo kwa mambo haya.

Moja, mpangilio wenye ufunguo usiorudiwa: mkoa, jimbo, kata, kituo, kwa namba. Tusipange kwa majina peke yake. Pale Dunda na Magomeni, Hamisi Juma wako wangapi? Ukurasa ukiishia kwa Hamisi Juma mmoja na mfumo ukaambiwa "nipe wanaofuata baada ya jina hili", Hamisi Juma wengine wote wanafutika machoni. Jina liambatane na namba, ndipo kila mmoja ana nafasi yake. Hili linahusu hata orodha yetu ya wanachama.

Mbili, tugawane kwa kata kama juzuu. Wa Yombo ashike Yombo, wa Kerege ashike Kerege, wa Fukayosi ashike Fukayosi. Fomu ikichelewa kuingia inakaa kwenye nafasi yake ndani ya kata yake, haisukumi za wenzake.

Tatu, jumla ya vituo iwekwe juu, pembeni ya vilivyokwishapokelewa. Kuna mtu atasema njia ya alama ya ulipoishia haikuruhusu kuruka moja kwa moja hadi ukurasa wa 457, wala haikuambii ziko kurasa ngapi. Ni kweli, hiyo ndiyo bei yake. Lakini nani anaamka asubuhi akiutaka ukurasa wa 457? Mtu anataka kituo chake. Na idadi ya vituo inajulikana kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Ihesabuni mara moja, iandikwe, kisha ukimaliza kupitia fomu zote ulinganishe. Vikipungua, unajua kata ipi ina deni.

Nne, fomu ikisahihishwa, ya zamani isifutwe. Ibaki na saa yake, mpya ikae chini yake. Mahakamani huko ndiko kunaitwa mlolongo wa ushahidi.

Mawili ya pembeni, kabla sijashambuliwa

Wazee wetu wanasema: kura haziibiwi kwenye kompyuta, zinaibiwa kituoni, pambaneni mawakala wenu waapishwe. Shikamooni wazee, na mko sahihi nusu yake. Bila wakala na karatasi yenye saini, mfumo wote huu ni debe tupu. Ila karatasi elfu moja kwenye magunia, zisizopangika, nazo hazimtishi mtu. Wakala analeta ushahidi, mpangilio unaufanya usomeke.

La pili ni faragha. Kuna vijana wanataka daftari zima la wapiga kura liwekwe wazi mtandaoni, kila mtu apekue. Hapo mimi nakataa. Daftari lina taarifa za watu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mama wa Kaole hajajiandikisha kupiga kura ili matapeli wa mtandaoni wapindue kurasa hadi wafike kwake. Daftari la awali likiwekwa wazi kituoni kwa ukaguzi, kila mtu aone la kwake na aweke pingamizi kwa utaratibu. Vyama vikipewa nakala, zitunzwe kama amana. Fomu ya matokeo ni jambo tofauti kabisa: haina jina la mpiga kura hata mmoja. Ina idadi ya kura, na hizo ni mali ya umma. Hakuna sababu ya kuificha, wala ya kuiweka mahali pasipofikika.

Tena fomu iliyokwishathibitishwa haibadiliki kila dakika. Kurasa za kata nzima zinaweza kuandikwa mara moja zikahifadhiwa kama faili za kawaida, seva ikawa inazitoa tu bila kuiuliza hifadhidata kitu. Kwa hiyo ile hoja ya "watu wakiingia wengi mfumo utaanguka" ina jibu, tena la bei nafuu.

Sisi wa Bagamoyo tunajua orodha ni nini. Watu wa Pande na Mlingotini waliopisha mradi wa bandari wanajua uzito wa jina kuwemo au kutokuwemo kwenye karatasi ya fidia. Mstari mmoja ukirukwa, kwa mwenye kompyuta ni mstari, kwa mwenye shamba ni minazi ya babu yake. Kura nayo ni hivyo hivyo.

Basi tukienda kudai fomu zote za 21A ziwekwe mtandaoni, kituo kwa kituo, tuongeze sentensi moja kwenye barua: zipangwe kwa kata na namba ya kituo, na ukurasa wa mwisho ufunguke kama wa kwanza. Na kabla hatujaipeleka barua hiyo, kila tawi lijibu swali dogo hili: kata yenu ina vituo vingapi, na namba zake ni zipi? Tawi ambalo halina orodha hiyo lianze nayo wiki hii.